Mifuko ya Bluu Iliyorudi kutoka Dar

Ndugu zangu wa kilimani, tangu lori liliposhusha ile mifuko ya bluu pale kwenye kibanda cha mizani, sijapata kunywa chai yangu ikiwa ya moto. Kila mtu anaingia, anakaa, anauliza habari za watoto, halafu anauliza la moyoni: ilikuwaje? Nikimaliza kumsimulia huyu, anaingia yule. Na katika kusimuliwa vipande vipande habari imeanza kutiwa chumvi. Juzi nimeletewa maneno ya kisimani kwamba Mama Editha aliingiza bati la watu wa ng'ambo ya mpaka kwenye mifuko yetu. Hapo nilikasirika kweli, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Mambo ya vibali na tiketi nayaruka, hayana utamu.

Haya yatasomwa pia na rafiki yangu wa Kariakoo na wengine wasioijua kazi yetu, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Tunachimba bati, lile linaloyeyushwa kuunganisha vidude ndani ya simu na redio. Upande wa pili wa mipaka yetu kuna sehemu ambako wenye bunduki hukalia machimbo na kuishi kwa jasho la wachimbaji. Viwanda vya simu siku hizi vinataka kujua kila mfuko umetoka shimo gani, visije vikawalisha watu hao. Kilimani kwetu haujawahi kusikika mlio wa bunduki, lakini tunaishi jirani na mpaka, na bati la huku na la kule ukiyaweka pamoja huwezi kuyatofautisha. Kwa hiyo afisa wa madini huja shimoni, mfuko unapimwa mbele yake, naye anaufunga shingoni kwa sili, kijikamba cha plastiki chenye namba ambacho kikishabana hakifunguki mpaka kikatwe.

Mzigo huu ulikuwa wa kwanza kumpelekea mnunuzi wa Dar moja kwa moja. Ukikubaliwa, angechukua bati letu lote. Ukikataliwa, tungerudi kwa wale madalali wanaokuja na pikipiki, wanaotaja bei yao kisha wanageuza uso kando wakati wewe unahesabu shida zako. Hilo sote tulilijua. Sasa mkumbuke siku ile mifuko ilipopangwa kusubiri lori. Ilikuwa viroba vya saruji na vya pumba, vimejaa tope, vingine vina viraka. Nani alisema ni aibu kupeleka kitu cha namna hiyo mjini? Tulisema wote. Mama Editha, fundi wetu wa cherehani, akatoa turubai lake jipya la bluu akashona mifuko mizuri ya mshono wa mara mbili. Sili hatukuzigusa. Tulikata shingo za viroba, tukahamisha bati, naye akaishonea kila sili kwenye mfuko wake mpya, namba yake ikiangalia mbele. Uzi ukamwishia kabla ya kumaliza, basi viroba vilivyobaki tukavipanga chini kabisa ya lori visionekane. Na tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengine.

Kutoka Nkwenda hadi Singida

Lori lilitangulia, mimi nikafuata kwa basi nikiwa nimepakata kopo la senene. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, na senene wa msimu ule walikuwa wanene, wamekaangwa na mke wangu mwenyewe. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Omurushaka aliyekuwa akienda kumuuguza binti yake. Aliliangalia lile kopo tangu alfajiri, tulipofika Kahama akashindwa kuvumilia.

“Baba, samahani. Humo kuna dhahabu?”

“Senene, mama.”

“Senene ndo wanakumbatiwa hivyo?”

Nikamfungulia akaona. Akaonja mmoja, akaonja wa pili, akatikisa kichwa. Lakini nilipomwambia kwamba ninashughulika na madini, akaamini kwamba senene ni wa juu tu na dhahabu iko chini. Kuanzia hapo kila basi liliposimama alikataa nishuke na kopo, akisema atanilindia, na kila nilipokataa aliamini zaidi.

Kabla ya Singida beringi ya gurudumu la nyuma ikaanza kulia, dereva akaegesha. Fundi alipanda bodaboda kwenda mjini kutafuta nyingine, nasi tukashuka kukaa kivulini mwa basi. Nilikula kuku wa kienyeji kwa ugali wa mtama pale barabarani, kuku mgumu mwenye ladha yake, na nikajikuta nina furaha isiyo na sababu. Nilikuwa sijasafiri njia ile tangu ujana, nilipokuwa nikirudi nyumbani na sanduku la chuma lililobonyea. Jua lilipoanza kupoa fundi akarudi na beringi isiyoingia. Akaondoka tena, akarudi na iliyoingia, abiria wakamshangilia.

Tulipoagana Mbezi yule mama alinivuta sikio karibu. “Dar kuna wezi. Mtu mwingine usimwambie kwamba ni senene, hakuna atakayeamini.”

Mbezi hadi Kariakoo

Zamani ukifika Dar basi lilikuwa linakushusha ndani ya jiji, unaanza kutukanwa na wapagazi kabla hujanyoosha miguu. Sasa unashushwa Mbezi, unapanda mwendokasi, na basi linateleza kwenye barabara yake peke yake mpaka Msimbazi. Nilikaa dirishani nikitafuta kitu ninachokijua. Nilikiona Manzese, nikakiona Magomeni, na lilipovuka bonde la Jangwani nikasimama kabla ya kituo.

Nilifika Kariakoo kijana nikaondoka kijana. Mama aliugua, nikarudi kilimani kushika shamba, nikawaaga watu kwamba narudi baada ya mavuno. Mavuno yakazaa mke, mke akazaa watoto, na Kariakoo ikabaki kitu ninachokiota. Niliposhuka sikuijua. Nyumba za udongo na mabati zenye vibaraza vya mbele zimekwisha, ghorofa zimesimama bega kwa bega, simu zimepangwa vioo kwa vioo, na vijana wanakuvuta mkono, “Mzee, kava! Mzee, chaja!” Nilizunguka Mtaa wa Sikukuu na mitaa yake nikiwa na begi na kopo langu mpaka nikachoka, nikasimama kwa muuza kahawa kunywa vikombe viwili na kashata. Nikamuuliza kama anamjua fundi redio anayeitwa Shabani.

“Shabani Mafuta? Umemkalia mlango, mzee.”

Nikageuka. Chini ya ghorofa lile, kwenye kijichumba kilichobanwa na maduka mawili ya simu, alikuwa ameinama mtu mwenye upara na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani.

“Oya, nshomile wangu!” akapiga kelele kabla sijasema neno. “Baada ya mavuno, eeh? Mavuno gani hayo bwana, ya minazi?”

Nilimwambia kwa mara ya elfu kwamba mimi ni Mnyambo, si Mhaya, na unshomile, yale majivuno ya usomi wanayosingiziwa Wahaya, si wangu. Akasema kwa Dar wote ni wamoja. Tulikumbatiana, na sioni haya kuandika kwamba nililia. Yeye alidai ni moshi wa risasi. Mafundi huuita risasi ule waya wa kuchomelea, ingawa wa siku hizi karibu wote ni bati. Ulikuwa ukitoa harufu ileile. Nilipoivuta ile harufu nilikuwa tena na miaka ishirini, nimekaa juu ya ndoo, Mzee Nasoro yuko mbele yangu na kofia yake ya kitambaa cheupe.

Mzee Nasoro ndiye aliyetufundisha kazi. Baba zake walikuja kutoka Uarabuni kuuza nguo, lakini yeye hakutaka nguo, alitaka redio, akaweka meza kwenye kibaraza cha duka la familia. Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Shabani, na jina la Mafuta lilianzia pale. Mjane mmoja wa mtaa uleule, Bi Mwanahawa, alileta redio ya marehemu mumewe. Tukaitengeneza ikasema vizuri. Shabani, kwa mapenzi tu, akaichukua ikiwa na vumbi na madoa yake ya miaka, akaisugua kwa mafuta ya nazi mpaka ukaweza kujitazama. Bi Mwanahawa alipokuja alisimama mlangoni akaitazama.

“Hii si ya mume wangu,” akasema.

Mzee Nasoro alimwonyesha kila kitu. Hakusikia. Doa la sigara la marehemu lilikuwa limesuguliwa likaondoka, na yeye alikuwa akilitafuta hilo doa. Aliondoka bila redio, akiwa analia, na kwa muda mrefu watu wa mtaa walitupita wakisema kwamba pale kwa Nasoro redio hubadilishwa. Tangu siku hiyo Mzee akaweka sheria moja mezani: redio ya mtu haifutwi vumbi. Aje aikute na uchafu wake, ajue ni yake.

“Unaikumbuka?” Shabani akaniuliza, akinyanyua kidole juu. Kwenye rafu, nyuma ya spika, redio ya Bi Mwanahawa ilikuwa bado ipo. Nilicheka mpaka muuza kahawa akaja kuchungulia.

Mchikichini, kwa ajili ya viatu

Lori lilikuwa limekwama mizani za njiani, kwa hiyo nililala kwa Shabani nikisubiri. Asubuhi alinitazama miguu.

“Unaenda kuonana na mnunuzi Upanga na viatu hivyo? Utatuaibisha.”

Tukaenda Mchikichini. Mnaojua mnada wa mitumba mnajua: muuzaji anasimama juu ya meza anaimba, wewe unachambua rundo kama mtu anayetafuta pete. Shabani alinichagulia viatu vyeusi vya ngozi na koti la kijivu. Viatu vilikuwa vizuri sana na vidogo kidogo. Muuzaji akasema vitaachia. Nimetembea navyo Upanga yote na Kurasini yote, sikuona vikiachia chochote.

Mchana tulikula wali wa nazi na maharage kwa mama ntilie yule aliyerithi jiko la mama yake tuliyekuwa tukila kwake tukiwa wanagenzi. Alinipa ukoko bila kuniuliza, kwa sababu Shabani alimwambia nilikuwa nikiupenda. Kuna vitu mtu hawezi kuvinunua tena, na ukipewa hivyo ghafla kwenye sahani unakula mpaka chembe ya mwisho.

Upanga

Anayekagua mzigo kwa niaba ya mnunuzi ni Bi Jyoti, mama wa makamo, Mhindi wa hapa hapa, kwao ni ghorofa ya pili na ofisi yake iko chini. Mlinzi wa getini alinisikia nikisema akaniuliza kwa Kihaya natoka wapi, tukasalimiana kwa furaha kama watu tuliopotezana. Kumbe ni mtu wa Muleba.

“Shikamoo mzee,” Bi Jyoti akasema, akanivutia kiti. “Pole na safari. Karibu chai.”

“Marahaba, mama. Asante.”

Chai ilikuwa ya maziwa yenye tangawizi, na bakuli la chevda, vile vitafunio vyao vya dengu na karanga. Nami nikatoa kopo langu, nikalisogeza mbele yake kwa mikono miwili.

“Ni nini, mzee?”

“Senene. Kutoka nyumbani.”

Akafungua, akatazama, akafunga taratibu sana. “Mzee, mimi sili chenye uhai.”

“Hawana uhai, mama. Wamekaangwa.”

Alicheka kwa dakika nzima, nami nikacheka kwa adabu bila kujua tunacheka nini. Nikamweleza kwamba senene si nyama, hata kanisani kwetu siku za kufunga tunakula. Akaniambia kwa upole kwamba hata wangekuwa ndizi asingepokea, kwa sababu anayekagua mzigo hali cha mwenye mzigo. Hilo lilinichoma kidogo. Kwetu mtu akirudisha kitu ulichomletea anakwambia kitu kibaya. Yeye alikuwa ananiambia kitu kizuri, lakini ilinichukua safari nzima kukielewa.

“Sili zote nzima?” akauliza nilipokuwa nasimama.

“Nzima kabisa,” nikajibu. Wala sikudanganya. Kopo nilimwachia mlinzi.

Kurasini, ghalani

Lori lilipoingia nilikuwa getini na koti langu la kijivu. Walipofunua turubai la juu, mifuko yetu ilikaa pale bluu tupu, imepangika, namba zote zikiangalia mbele. Wapakuaji walipiga mluzi. Mmoja akasema, “Hii ya wapi? Imevaa suti!” Nikavimba kichwa, nakiri, nikawaza kumsimulia Mama Editha neno hilo.

Bi Jyoti alivaa buti akapanda. Alishika sili ya kwanza, akaivuta. Akashika shingo ya mfuko, akaifuata kwa kidole. Akaenda wa pili. Alipofika wa tatu aliinua uso, na ule uso wa chai na chevda haukuwepo.

“Mzee, hizi sili zimeshonewa.”

Nilifungua mdomo, na umeme ukakatika. Ghala lote likawa giza, mizani ikazima, watu wakaanza kuitana. Mwenye ghala akasema jenereta haina mafuta. Tulisubiri, hakuna. Bi Jyoti akashuka, akafunga kitabu chake.

“Basi kesho asubuhi,” akasema. “Na kesho nataka uniambie mifuko hii imefunguliwa wapi na nani. Kwa kawaida mtu anayehamisha sili ni yule anayetaka kuingiza mzigo mwingine ndani.”

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Sisi tuliona tunamvisha bi harusi. Yeye aliona mlango wa nyuma wa kupitishia bati la wenye bunduki. Miguu iliniuma, sijui ni viatu au ni woga.

Kariakoo tena

Nilimkuta Shabani anafunga amplifaya ya msikiti. Nikamweleza yote bila kuficha: mifuko, makofi, uzi, mshono. Alisikiliza, akaweka chuma cha kuchomelea kwenye kikalio chake.

“Sasa unalia nini? Hii ni Kariakoo, bwana. Kuna kijana ghorofani hapo juu anatengeneza mihuri, stika, plastiki, kitu chochote. Nipe namba za sili zako. Kabla ya kulala una sili mpya zinazofanana na zile kama mapacha. Asubuhi na mapema unampoza mlinzi wa ghala, tunatoa zile zilizoshonwa, tunabana mpya. Kwisha.”

“Na mshono?”

“Mshono ndo ulikuwa hivyo tangu shimoni. Nani atabisha?”

Nisijifanye malaika. Nililitaka lile jambo. Niliwaza kurudi kwenu mikono mitupu, nikawaza pikipiki za madalali zikipanda kilima, vijana wetu ambao walishaanza kusema bora waende migodi ya mbali. Na Shabani alikuwa akinipa kwa mapenzi yaleyale ya mafuta ya nazi. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kutoa karatasi ya namba.

Wakati huo akaingia mtu wa msikiti kuchukua amplifaya yake. Shabani akaiwasha, ikasema, akamkabidhi. Ilikuwa imejaa vumbi juu, na utando wa buibui kwenye kona.

“Fundi, hata kitambaa hupitishi?” mteja akalalamika. “Nitaipandishaje hivi mbele za watu?”

“Kaifute mwenyewe nyumbani kwako,” Shabani akamjibu. “Hapa haifutwi. Ndo ulivyoileta.”

Mteja akaondoka akinung'unika. Mimi nikainua macho kwenye rafu, nikaitazama redio ya Bi Mwanahawa. Shabani akafuata macho yangu. Alivua miwani ya machoni, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

“Shabani,” nikamwambia, “tumefuta vumbi. Sisi wote kule kilimani. Tumefuta doa la marehemu.”

“Ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi,” akasema. “Umesahauje?”

Nilitoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Akainama chini ya meza, akanisogezea viatu vyangu vya zamani alivyokuwa amevificha siku ile ya Mchikichini.

“Vaa hivi kesho. Vile vitakuua bure.”

Kurasini mara ya pili

Nilimwambia Bi Jyoti kila kitu. Nilimtaja mwenye wazo, ambaye ni sisi wote, nikamtaja Mama Editha na turubai lake alilolitoa bila kudai, nikamweleza kwamba kwetu huwezi kupeleka kitu kichafu kwa mtu unayemheshimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudi kwenye mfuko, akapitisha kidole kwenye mshono tena.

“Sijawahi kuona mshono mzuri namna hii,” akasema. “Lakini siwezi kuipokea, mzee.”

“Huniamini?”

“Nakuamini. Lakini hili likifika kiwandani linayeyushwa pamoja na la watu wengine. Likishayeyuka hakuna tena la kwenu na la wenye bunduki, linakuwa kitu kimoja. Mahali pa mwisho pa kulitambua ni kwenye mfuko. Na yule atakayenunua simu hanijui mimi wala hakujui wewe. Kilichobaki cha kumwambia ni kwamba mfuko haukuguswa.”

Nilikaa kwenye ukingo wa lori. Nilisikia uchungu, ndugu zangu, nisiwafiche. Bi Jyoti aliendelea kuutazama mzigo, kisha akauliza, “Hii ndiyo yote?”

“Ipo mingine chini,” nikasema. “Lakini ile, mama, naona haya. Uzi ulituishia.”

Akaamuru iteremshwe. Vikatokea vile viroba vyetu: maandishi ya saruji, viraka, tope la kilimani limekaukia, kimoja kina alama ya kikombe cha mtu aliyewahi kukikalia akinywa uji. Wapakuaji hawakupiga mluzi. Bi Jyoti alichuchumaa. Alivuta sili ya kwanza, akaitazama shingo, akakwaruza tope kwa ukucha. Akafanya hivyo kwa kila kimoja, bila haraka, mpaka buti zake zikawa nyekundu.

“Hivi napokea,” akasema akisimama. “Vyote.”

Halafu akanieleza masharti. Mifuko ya bluu irudi kilimani, afisa wetu aje, ifunguliwe, ipimwe mbele yake na kulinganishwa na kumbukumbu zake, kisha ifungwe upya. Mnunuzi hajatukataa. Ataendelea kuchukua letu, ila lije jinsi lilivyotoka shimoni. Getini Upanga siku ya mwisho yule mlinzi wa Muleba aliniuliza kama nitarudi lini, na kama senene nao watarudi.

Kivukoni

Siku ya kuondoka Shabani alifunga duka, jambo ambalo hata Mzee Nasoro alipofariki alilifanya asubuhi tu. Tulikwenda Feri tukachagua samaki, tukawapa wakaangaji, tukakaa kwenye ngazi tunakula kwa mikono na ndimu na pilipili. Kivuko cha Kigamboni kilikuwa kinakuja na kurudi, watu wanamiminika, kelele za mnada nyuma yetu. Nje kabisa meli kubwa ya makontena ilikuwa inatoka taratibu. Nikamwambia bati letu litapita hapohapo, likayeyushwe huko, na labda baada ya miaka lirudi kwake likiwa waya wa risasi.

“Nitalijuaje?” akauliza.

“Hutalijua.”

“Basi wewe hakikisha huko juu,” akasema, akatema mfupa. “Mimi huku nitachomelea tu.”

Tulikumbushana Jumapili ambazo tulikuja hapa na senti za kununulia muhogo mmoja wa kugawana, tukajiona matajiri. Nilitamani Mzee Nasoro angekuwapo. Nilitamani nisingechelewa mavuno kiasi kile. Shabani akafungua mfuko aliokuja nao akatoa redio ya Bi Mwanahawa.

“Chukua. Mwenyewe alishafariki, na watoto wake hawaitaki. Imeshapata vumbi jipya, miaka yote hii. Usithubutu kuifuta.”

Nyumbani

Ndiyo ile redio mnayoisikia kwenye kibanda cha mizani, na ndiyo sababu nilimfokea mtu aliyeiletea kitambaa.

Lori lilipofika na mifuko ya bluu, mlikuwepo. Ambacho hamkukisikia ni kile nilichozungumza na Mama Editha watu walipotawanyika. Alikuwa amesimama pembeni ameshika viwiko vyake, akitazama kazi ya mikono yake ikishushwa. Alikuwa ameshasikia minong'ono.

“Walisemaje kuhusu mshono?” akaniuliza.

“Walisema hawajawahi kuona mzuri namna ile.”

“Basi mbona imerudi?”

Nikamwambia yote, kama nilivyowaandikia ninyi. Akatoa wembe kwenye pindo la kanga, akaketi chini, akavuta mfuko wa kwanza miguuni. Nikamzuia, nikamwambia hatuigusi mpaka afisa afike. Akaurudisha wembe.

“Na ile waliyoipokea,” akauliza, “ilikuwa ipi?”

“Ile uliyoishiwa uzi.”

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, machozi yakamtoka, na sikuweza kujua yalikuwa ya nini.

“Laiti ningejua,” akasema akijifuta kwa kanga, “uzi ungeniishia mapema.”